Nishike Uone

Temeke, Dar es Salaam
9 Februari 1954

Mwanangu Jabiri,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye mkonge kabla jasho la mleta barua halijakauka. Hali yako vipi? Na kifua, bado kinabana alfajiri? Sie huku wazima. Baba yako mzima, mguu wake tu ndio una maneno yake. Mie sijambo, na akiuliza mtu huko Morogoro, mwambie mamako bado hajapata wa kumshinda kushona kofia, kuanzia hapa Temeke hadi Keko.

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Nasema mwenyewe ili ujue, maana jirani yetu Chausiku hupeleka zake kwa karani wa sokoni, na mtaa unajua mambo yake kabla yeye hajayajua. Mie nilisoma chuo cha Kurani, kisha mjomba wako akanifundisha herufi za Kizungu kwa mkaa ukutani, na zimenitosha.

Ila umenitia mashaka. Umeandika umeingia judo na unataka nguo ya kuingilia. Najua nyie makarani wa mizani mnaandika mbio, herufi zinawaponyoka, basi nikakusahihisha: jando. Lakini jando si uliingia, Jabiri? Uliingia kule Pugu, na hukulia. Wenzio walilia hadi ndege wakahama mtini, wewe ukamuuliza ngariba kama amemaliza. Mpaka leo nalisimulia kwenye maharusi. Sasa jando la pili ni la nini? Nilipomsomea Chausiku akasema labda huko bara wanarudia. Nikamwambia wangu hakubakiza cha kurudia.

Baba yako amekataa kulizungumza, kasema tu nikuandikie. Lakini kwangu mtoto akiomba nguo hupewa nguo, maswali nyuma. Nakutumia shuka jipya jeusi la kaniki, kama mlilovaa kule Pugu. Nieleze upesi, nisije nikapika pilau la bure.

Mamako,
Mwajabu binti Mwinshehe


Morogoro
2 Machi 1954

Kwa mama mpenzi,

Shikamoo mama. Shikamoo nyingine mfikishie baba, na pole ya mguu. Mie mzima, kifua kimetulia tangu mvua ianze. Kaniki imefika, na imenichekesha mpaka nikakaa chini.

Mama, si jando. Ni judo, hivyohivyo nilivyoandika. Ni mieleka ya Kijapani. Mtu hakupigi ngumi wala teke, anakushika nguo, mkono mmoja kwenye ukosi na mwingine kwenye mkono wa nguo, anakuangusha kwa uzito wako mwenyewe. Anayetufundisha ni Sajini Kasiani, mtu wa Songea, aliyejifunza jeshini wakati wa vita vya Burma. Tunafanyia kwenye ghala la zamani la shamba, juu ya turubai tulilojaza makapi ya katani.

Sasa utaona kwa nini niliomba nguo. Mchezo wote uko kwenye nguo. Wazungu wa klabu na Wahindi wa ofisini wanavaa makoti meupe mazito yasiyo na vifungo, yanatoka Ulaya. Sie wa kambini hatuagiziwi. Sajini akasema tuvae chochote cha juu tulicho nacho, nguo za kutwa. Nikavaa shati nililonunua Idi. Gaudens, mwenzangu wa mizani, akalishika ukosi mara moja tu, ukosi ukabaki mkononi mwake, mie nikabaki na mikono miwili ya shati kama mtu aliyeibiwa katikati. Kesho yake yeye akavaa la kwake, na kifungo chake kikanipasua nyusi. Usiogope, pameziba.

Kaniki yako nikaichana upande nikaifanya mkanda. Sajini alipoiona akanishika bega. Kumbe mkanda mweusi ni wa mabingwa, mtu anauhangaikia miaka, na mie wiki ya sita tu nimejifunga. Akasema, "Mvulie mama yako kofia, lakini ivue na hii kabla Bwana Katibu hajapita." Katibu ni Mzungu anayesimamia klabu. Kaniki ninayo sandukuni.

Mama, kuna jambo moja linaniuma. Mwezi wa nane watu wa klabu ya Tanga wanakuja kupambana na wa hapa. Mwaka jana nami nilikuwepo, lakini nilisimama pembeni kushika mataulo, nikiwafuta jasho watu ambao leo Sajini anajua naweza kuwaangusha. Mwaka huu Katibu amebandika tangazo: hapandi mtu turubai bila koti jeupe, zito, lenye mikono mirefu, lisilo na kifungo. Asiye nalo atasaidia mataulo. Ndiyo hivyo. Usipate tabu, mama. Nitayashika tena.

Mwanao,
Jabiri


Temeke
21 Machi 1954

Jabiri,

Nimekusalimu, na hali yako nimeshaijua kwa barua yako, ni mbaya. Si kifua wala nyusi. Ni pale mwisho ulipoandika utayashika tena.

Mwanangu hashiki taulo la mtu. Aliyekuzaa hajawahi kushika la mtu, na mie nimefua nguo za Wazungu Upanga miaka saba. Nilifua, nikaanika, nikapiga pasi, lakini sikusimama nyuma ya mtu kumngoja atoke jasho. Hilo usiliandike tena.

Sasa nikueleze tulivyofanya. Nilimwita Chausiku uani, nikamwambia kaza kanga, leo tunashikana. Akauliza ugomvi gani. Nikasema hakuna ugomvi, tunatafuta nguo ya mtoto. Nikatoa nguo zote za juu za nyumba hii nikaziweka kwenye mkeka. Tukaanza na fulana yako ya zamani. Fulana haifai, Jabiri. Chausiku aliivuta ikafika magotini, ikawa kama nimevaa gauni, na mie nilikuwa bado nimesimama. Kizibao cha baba yako hakina mikono, mtu atakushika wapi? Shati tumeliona kwako. Nikabaki naiangalia kanzu yake ya Ijumaa.

Niliikata kiunoni. Ilikuwa lazima, mtu hapigani mieleka na kanzu ya kufika miguuni. Nikaivaa, Chausiku akanikamata kama ulivyoeleza, ukosi na mkono, na mie nikamkamata. Ubavuni ikalia kama karatasi. Tukaanguka wote wawili juu ya chungu cha mchicha, na baba yako akaingia wakati huohuo.

Alisimama mlangoni. Akaangalia kipande kilicho juu yangu, akaangalia kipande kilicho kwenye mkeka. Akauliza, "Mama Jabiri, hiyo si kanzu yangu?" Nikamwambia, "Ilikuwa." Hajaniambia neno tangu Alhamisi, na Ijumaa alikwenda msikitini na shuka.

Kilichobaki imara ni koti la askari alilonipa mjomba wako alipotoka jeshini. Chausiku alilivuta hadi akatukana, halikutoa sauti. Vifungo vya shaba nimeving'oa vyote, hakuna atakayepasuliwa nyusi. Mifuko nimeishona midomo, vidole visinase. Si jeupe, najua, lakini jifunzie hilo wakati mie nafikiri. Mie nikifikiri, mwanangu, kitu hutokea.

Mamako,
Mwajabu


Morogoro
14 Aprili 1954

Kwa mama,

Shikamoo. Mwambie baba namwomba radhi ya kanzu, na nitamtafutia nyingine. Mie mzima.

Koti limefika. Sajini alipoliona alisimama wima akalipigia saluti, ghala zima likacheka, kisha akanishika kwa koti hilohilo akanitupa mara tatu. Halikuchanika. Ni la moto na linabana makwapa, lakini najifunzia vizuri kuliko wakati wowote. Wenzangu wote wameiga. Mmoja anavaa koti la mvua alilokata mikono kidogo, Gaudens amejishonea la gunia la unga na mgongoni bado imeandikwa uzito wake. Tumekuwa jeshi la nguo za kutwa.

Juzi Bwana Katibu alipita mlangoni na kikombe chake cha chai. Akatutazama akamwambia Sajini kwa Kiswahili, ili nasi tusikie, kwamba ameona siku nyingi za dobi lakini hajaona nguo zikijianika zenyewe. Kisha akaninyooshea mie kijiko. Akasema huyu wa kaki ana mwili mzuri, mwezi wa nane atafaa kubeba mataulo na ndoo pia.

Nikalikaza koti nikarudi turubaini, mama. Na sitasema tena kwamba nitayashika.

Mwanao,
Jabiri


Temeke
12 Juni 1954

Mwanangu wa pekee Jabiri,

Idi yenye baraka, ingawa imepita. Afya yako, kazi yako, usingizi wako, vyote naviulizia. Usinihesabie kosa kwa kukaa kimya. Tangu upokee ile saluti mie sijapumzika vidole.

Sikiliza. Nilimwuliza Mungu nikaangalia mapaja yangu, na juu ya mapaja yangu kulikuwa na kofia. Wewe umekua ukiziona, hukuwahi kuziangalia. Kofia ni nguo mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, lakini ukizitia sindano mstari kwa mstari, karibukaribu, zinasimama zenyewe kama chungu. Mtu anaikalia, anaifua, anaigombania, haipasuki. Nikasema, kama kitambaa cha kichwa kinaweza kusimama, cha mwili kitashindwaje?

Nikanunua kitambaa cheupe cha marekani, kile kizito. Nikakata mwili wako kwa macho, maana nakujua. Nguo mbili, na mabegani na ukosini nne. Nikaanza kushona kofia yenye mikono miwili. Mchana wa Ramadhani nzima, ulimi mkavu, sindano inakwenda. Kidole cha shahada kimeota sugu, nakionyesha kwa wageni.

Mtaa ukaona nyeupe inazidi barazani na maneno yakaanza. Chausiku ndiye aliyekuja kuyasema usoni, nampendea hilo. Akauliza, "Shoga, marekani yote hiyo, unamshonea mtoto sanda yu hai?"

Nikamwambia, "Sanda haina mikono. Hebu hesabu hii ina mingapi."

Akakaa. Akaipapasa. Akaomba sindano, akanishonea kwapa la kushoto, kwa hiyo likikuwasha ni yeye.

Siku ya mwisho nilimwomba baba yako aivute. Alikuwa anazungumza nami sasa, kidogo, mambo ya chumvi na maji. Akasema yeye hashindani na wanawake. Nikaivaa nikasimama mbele yake tu, nikamwambia kanzu yako ilikufa kwa ajili ya hii, huvuti hata kwa kisasi? Jabiri, alinishika. Alinivuta kwa hasira ya miezi mitatu, mguu wake mbovu ukateleza, tukaenda chini naye, na nguo ile haikulia. Akalala pale chini anaitazama. Akasema, "Imekataa." Ndiyo sifa pekee aliyowahi kuitoa tangu nimjue.

Nyuma ya ukosi nimekutilia maneno, maana kanga isiyo na jina si kanga. Ni uzi mweupe juu ya nyeupe, hayaonekani kwa mbali, bali anayekushika atayasikia vidoleni. Yanasema: NISHIKE UONE.

Jeupe. Zito. Mikono mirefu. Kifungo hakuna. Mpelekee Katibu wako.

Mamako aliyekushonea,
Mwajabu binti Mwinshehe


Temeke
29 Agosti 1954

Jabiri,

Hujambo? Nauliza kweli, hii si salamu. Siku ya mapambano imepita tangu Jumapili ya juzi na sina hata kijikaratasi. Nimetuma mtu stesheni kwa watu wa treni ya Morogoro, wanasema hawajui.

Nikwambie ukweli, nimeshatangaza umeshinda. Waliuliza kisimani, na mie sikuweza kusema sijui. Nikasema ameshinda, na aliyeanguka alikuwa mkubwa. Chausiku akauliza mkubwa kiasi gani, nikamwonyesha mlango. Basi kama hukushinda niandikie mie peke yangu, hao wengine niachie.

Baba yako anakwenda barazani kila mleta barua akipita, anasema anapunga upepo. Kama umevunjika andika kwa mkono wa Gaudens. Kama umeshika taulo, andika pia. Nitakasirika, kisha nitapika.

Mama


Morogoro
5 Septemba 1954

Kwa mama yangu,

Shikamoo mama, shikamoo baba. Ni mzima, sikuvunjika. Nilikawia kwa sababu nilitaka kwanza kujua nitakuandikia nikiwa nani.

Siku ile ghala lilijaa. Wa Tanga walikuja na lori, na kati yao Mhindi mmoja, fundi wa mitambo, kweli kama mlango. Hukudanganya sana. Sajini alisoma majina na la kwangu lilikuwemo. Nikatoka na nguo yako. Mama, wote waligeuka. Makoti yao ya Ulaya yalikuwa yamegeuka manjano kwa jasho la miaka, nguo yako inang'aa mistari kama shamba lililolimwa.

Bwana Katibu alinijia. Akapima unene kwa vidole, akaangalia mikono, akatafuta kifungo. Hakupata. Akanizunguka nyuma kuangalia ukosi na hapo vidole vyake vikasimama. Hakuweza kuyasoma, nyeupe juu ya nyeupe, akamwuliza Sajini maneno haya yanasema nini. Nilijua Sajini angeweza kusema ni jina la fundi, na mambo yangeishia hapo. Sajini akanitazama kwanza. Kisha akamjibu kwa sauti ya gwaride, "Yanasema nishike uone, Bwana."

Watu wa kambini waliokuwa madirishani wakaguna wote kwa pamoja. Katibu akawa mwekundu. Akatoa wembe kwenye sanduku la dawa akanipa, akasema nifumue maneno hayo, kisha nitapanda, yeye si mtu mbaya. Nisipofumua, mataulo yako pale.

Nilikuwa na wembe mkononi, mama. Nilitaka kupanda mno. Turubai lilikuwa hatua mbili mbele yangu. Ingekuwa kazi ndogo, uzi mweupe tu, nani angejua. Nikatia kidole nyuma ya shingo kutafuta pa kuanzia, nikausikia mshono wako ulivyokaa, na mkono ukakataa kama ile nguo.

Nikamrudishia wembe. Nikamwambia, "Hayo ameyaandika mama yangu. Kama unataka yafumuliwe, Temeke si mbali, nenda kamwambie mwenyewe."

Akaniambia nitoke, nikatoka. Nyuma yangu nikasikia kitu kinaanguka chini, puu, na kingine. Ni Gaudens na wenzake waliokuwa pembeni, wanatupa mataulo juu ya turubai, moja moja, wanatoka. Sajini akatoka wa mwisho.

Tulisimama kwenye majani hatujui la kufanya. Hapo yule Mhindi wa Tanga akatoka na miguu mitupu. Akasema amesafiri kutwa nzima kwa lori na amesikia maneno ya ukosi wangu. Akanishika. Mara ya kwanza alinitupa hadi nikaona nyota mchana. Mara ya pili nami nilimwingia chini, nikamshusha na mlango wake wote. Ya tatu hatukuwezana, tukashikana mpaka tukaanza kucheka. Ghala lilibaki tupu, watu wote walikuwa nje. Nguo haikuchanika, mama. Kwapa la kushoto linawasha.

Asubuhi tulikuta ghala limetiwa kufuli. Klabu si yetu tena. Mie na Gaudens tumeomba kuacha kazi mwisho wa mwezi, na mkataba wa Sajini umekwisha, hakuongezewa. Tunafikiri kuja Dar, bandarini wanatafuta watu. Jana Sajini aliniuliza kama bado ninayo ile kaniki. Nikaitoa sandukuni. Miaka yote klabu haikuwahi kumpa mkanda, si wa rangi yoyote. Akajifunga kaniki yako juu ya fulana yake, akanyoosha fundo, akasema mkanda huu umetoka kwa mtu anayejua kazi.

Sijui kama nimeshinda, mama. Waambie wa kisimani unavyoona.

Mwanao,
Jabiri


Temeke
13 Septemba 1954

Bingwa wangu Jabiri,

Sikuulizi hali, ninayo yote hapa mkononi, nimeisoma mara nne, ya tano kwa sauti kisimani. Umeshinda. Pale uliporudisha wembe ndipo uliposhinda, la Mhindi lilikuwa nyongeza. Chausiku nimempa pole ya kwapa. Amesema lirudishwe alishone upya, lakini akageuka upande kufuta macho.

Huyo Katibu akitaka kuja, nyumba ni ya tatu baada ya mnazi uliolala. Nitampa kiti, nitampa chai, na maneno yatabaki palepale.

Njooni. Msilale bandarini, njooni hapa. Uani nimeshafagia, jiwe la kusagia nimelisogeza. Chausiku analeta makumbi ya nazi, nimeomba tanga bovu kwa wavuvi wa Mtoni, tutajaza, tutashona pande zote, ndilo turubai lenu. Vijana wa mtaa wameanza kuchungulia uani. Wao wanasema kwa Mwajabu kunafunguliwa jando la wakubwa. Nimewasahihisha mara mbili, sasa nimeacha. Walete tu miili.

Waambie wenzio wasinunue kitu. Gaudens aje na gunia lake. Mwenye shati aje na shati, mwenye kanzu na kanzu, tutaongeza nguo ya pili ndani, tutatia sindano. Kila mtu na maneno yake ukosini, yachaguliwe na mama yake. Asiye na mama, mie nipo. Sharti langu ni moja: vifungo wang'oe kabla ya kuvuka kizingiti.

Sajini Kasiani mwambie shikamoo yake ninayo, aje aipokee mwenyewe, na kaniki ya pili nimeshaipiga pindo.

Nilikuwa nakaribia kufunga barua nikasikia sanduku la baba yako linafunguliwa. Katoka na kanzu yake pekee sasa, ile aliyonunua Idi hii. Kaiweka juu ya mapaja yangu, kaenda zake barazani kupunga upepo. Nimeigeuza. Kifungo cha shingoni ameshakikata mwenyewe.

Mamako,
Mwajabu binti Mwinshehe